Kumlisha Jirani Aliyenyamaza

Jirani yetu alikuwa mzee wa kanisa kabla mimi sijafika Kolwezi. Nilikuja kuolewa kutoka Lubudi, nikiwa na sanduku moja la nguo na cheti changu cha ualimu, na siku ya kwanza katika nyumba ya mume wangu ni yeye aliyetuletea bidoni mbili za maji, kwa sababu bomba letu lilikuwa kavu. Mkewe alikuwa angali hai. Yeye mwenyewe alikuwa mtu mrefu, fundi wa umeme aliyeachishwa kazi pamoja na wengi wa rika lake wakati migodi ilipofilisika, na sauti yake nzito ndiyo iliyoanzisha nyimbo kila Jumapili. Alisimama shahidi wetu siku tulipofunga ndoa. Alimshika mtoto wetu mikononi pasta alipombatiza.

Nasema haya mapema ili ijulikane kwamba sisimulii habari za mtu niliyekuwa namchukia tangu zamani.

Mtoto wetu alikuwa mmoja tu. Wawili waliomtangulia hawakufikisha mwaka. Huyu aliishi, akasoma shule ya ufundi, akapata diploma ya umeme, nasi tukaitia katika fremu tukaitundika ukutani. Kwa miaka miwili alipeleka barua za kuomba kazi kwenye milango ya makampuni. Alikuwa anapiga pasi shati lake, anachukua bahasha, anakwenda kwa miguu, na kurudi vumbi la malori ya njia ya Kingamyambo limemwingia hadi kwenye kope. Hakuna barua iliyojibiwa. Hakulalamika. Alianza tu kuchelewa kuamka, na mimi mwalimu, ninayeamka kabla ya jua, nilipita mbele ya mlango wake kila asubuhi nikiusikia ukimya wake.

Ndio wakati watu wa mtaa wetu walipoanza kuchimba ndani ya nyumba zao. Mtu mmoja wa barabara ya juu alikuwa akichimba choo, akatoa mawe meusi yenye kobalti, na habari haikulala. Katika miezi michache kulikuwa na nyumba ambazo mgeni hakaribishwi tena sebuleni. Jirani yetu, ambaye sasa alikuwa mjane na watoto wake wamekwisha kuhama, alivunja sementi ya sebule yake akasema anachimba kisima. Hakuna aliyeamini habari ya kisima. Mchana tulisikia nyundo chini ya miguu yetu, na sahani zangu kabatini zikatetemeka kama kuna treni inayopita.

Mume wangu alikuwa fundi wa reli, mtu wa maneno machache. Alisimama katikati ya nyumba yetu, akasikiliza, akasema, "Nyumba haiko mugodi."

Mimi ndiye niliyekwenda kuomba. Hilo sijawahi kuliandika mahali popote hadi leo. Siku moja baada ya ibada nilimfuata jirani hadi kwenye lango la kanisa.

"Tata," nikamwambia, jinsi tunavyomwita baba yeyote, "mutoto yangu iko anakaa tu. Umupatie kazi."

Aliniwekea mkono begani. "Mama, mutoto yako ni wa kwangu. Na kwangu tunaombaka mbele ya kushuka. Kila asubui. Mungu iko anatulinda."

Nilirudi nyumbani moyo umetulia. Nilikuwa nimesikia habari za mashimo mengine, ya watu walevi, ya watu wanaotafuta nguvu kwa waganga, na nilijiambia kwamba kwa mzee wa kanisa mambo yatakuwa tofauti. Mume wangu aliponiuliza, nilimjibu hivyo hivyo. Aliacha kula.

"Unamupeleka mutoto mu shimo juu muntu iko anaomba?"

"Unataka akae tu?"

Mtoto mwenyewe alifurahi. Usiku huo alitoa viatu vyake vya shule ya ufundi chini ya kitanda akavipiga brashi. Wiki ya kwanza alirudi amechoka, mweusi wa matope, anacheka. "Mama, usiogope," aliniambia, "kule chini kuko baridi kupita mu classe yako."

Alifanya kazi humo miezi mitano.

Mvua ilinyesha Jumatatu nzima. Jumanne asubuhi alikunywa chai amesimama, akafunga taa yake kichwani, akasema kwamba siku hiyo huenda wakatoka mapema kwa sababu chini kuna maji. Nilikuwa natafuta chaki zangu. Nilimwambia, "Haya, enda muzuri," bila kuinua kichwa. Nikaenda shuleni.

Nilirudi saa saba. Nilipita mbele ya nyumba ya jirani. Mlango ulikuwa umefungwa na pazia limeshushwa, jambo ambalo halikuwa geni siku hizo. Nikawasha makala ya kupikia, nikabandika maji ya bukari, ugali wetu. Maji yalikuwa hayajachemka niliposikia mwanamke anapiga kelele katika ua wa jirani, kelele ambayo haikuwa na maneno ndani yake. Nilipofika mlango ulikuwa wazi. Sebule ilikuwa shimo, na shimo lilikuwa limejaa udongo.

Watu wakaja na masepetu, mabeseni, sufuria. Baadaye wakaja wakubwa wa serikali na mashine, lakini mashine haikuweza kupita kati ya nyumba, ikabaki barabarani inanguruma bure. Mume wangu alichimba kwa mikono. Jirani alikuwa amesimama karibu na ukuta akiomba kwa sauti. Nakumbuka kwamba watu wote mle ndani walikuwa na rangi moja, rangi ya udongo, isipokuwa yeye. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Niliona, na sikujua nilichokiona.

Saa kumi waliwatoa. Walikuwa watatu. Mwanangu alikuwa wa mwisho.

Mimi na akina mama wa kanisa tulimuosha. Kucha za mkono wake wa kulia zilikuwa zimevunjika hadi kwenye nyama. Mama mmoja aliufunika mkono ule haraka kwa kitambaa.

Kwenye kilio ni jirani aliyeongoza maombi. Alisema ni mapenzi ya Mungu, kwamba Mungu huchuma maua mazuri ya bustani yake. Watu wakasema amina. Mimi pia nilisema amina, kwa sababu ndivyo mdomo wangu ulivyozoea.

Miezi miwili ikapita. Siku moja ya Alhamisi, alasiri, nilimkuta mtu amesimama penye lango letu na mfuko mgongoni. Alikuwa mmoja wa wachimbaji wa shimo lile, mtu wa makamo kutoka Kasai. Siku ile yeye alikuwa juu anavuta kamba, ndiyo maana yu hai. Alisema anarudi kwao siku hiyo hiyo.

"Mama, siwezi kuenda na hii maneno mu roho."

Nilimpa kiti. Hakukaa.

"Shimo ilianguka saa mbili," akasema. "Saa mbili ya asubui, mama. Haiko saa saba. Tata alifunga mulango. Alisema, bantu ba serikali bakiona, batabomoa nyumba, batamufunga. Alisema tuchimbe pole pole, bila kelele. Tulikuwa babili tu, mi na ye, na masepetu mbili. Saa sita tulishindwa. Ye akaenda kunawa, akabadirisha manguo. Nyuma ya ile ndiyo mulango ilifunguliwa."

"Na bo? Kule chini?"

Akatazama viatu vyake. "Mi nilikuwa nachimba, mama. Sikusikia kitu."

Nilijua anadanganya, na nilijua anadanganya kwa huruma. Akaniaga kwa mikono miwili, akaenda. Sikumwona tena.

Nilipeleka jambo hilo kwa pasta, na pasta akaliita baraza la wazee. Pasta wetu alikuwa mgeni, bado anajifunza majina ya watu. Jirani alisimama mbele ya meza, akaweka mkono juu ya Maandiko, akasema aliita watu mara ile ile shimo lilipoanguka. Wakaniuliza shahidi wangu yuko wapi. Nikasema amerudi Kasai. Niliona nyuso zao zikilegea, zikinihurumia, jinsi watu wanavyomhurumia mama ambaye uchungu umemharibu akili. Pasta akasema, "Mama, tumuachie Mungu." Tangu siku hiyo najua kwamba neno hilo linaweza kuwa imani, na linaweza pia kuwa namna ya kufunga mlango.

Sikuacha kanisa. Watu wengi waliniuliza kwa nini, hata mume wangu, ambaye yeye aliacha. Sikuwa na jibu la heshima. Ukweli ni kwamba sikuwa na mahali pengine pa kwenda Jumapili, na kukaa nyumbani kulikuwa kutazama diploma ukutani. Lakini nilihama benchi. Siku ya meza ya Bwana, jirani alipopitisha kikombe upande wetu, nilikaa tu, sikunywa. Na tulipoomba Baba Yetu, nilifika mahali pa kusamehe nikafunga mdomo, nikangoja wenzangu wapite, kisha nikaendelea nao. Sikutaka kumwambia Mungu uongo. Hiyo ndiyo imani yote niliyokuwa nayo mwaka ule, kutosema uongo katika sentensi moja.

Kisha jirani akaanguka. Ilikuwa tension, shinikizo la damu; walimkuta asubuhi kwenye uwanja wa nyumba yake, mdomo umepinda, upande wa kulia umekufa. Hospitali walimrudisha baada ya siku chache. Binti yake alikuja kutoka Mutshatsha, akamuuguza wiki mbili, lakini alikuwa na watoto wadogo na shamba, na mume ambaye hakutaka mgonjwa. Aliomba kanisa limwangalie baba yake hadi atakapopata njia ya kumchukua. Akina mama tulikuwa na orodha ya kutembelea wagonjwa, kila mmoja na siku yake. Siku yangu ilikuwa Jumatano. Kiongozi wetu aliniita pembeni akasema angeweza kuniondoa kwenye orodha.

Nikamwambia aache jina langu.

Watu walilisifu jambo hilo. Walisema nina moyo wa Kikristo. Sikuwa nao. Nilikwenda Jumatano ya kwanza kwa sababu nilitaka kumwona amelala chini. Nilitaka kusimama juu yake na kumtazama, naye asiweze kuondoka.

Nyumba yake ilikuwa imepasuka kutoka dirishani hadi kwenye msingi. Shimo la sebule lilikuwa limefukiwa na mbao zimewekwa juu yake, na ilinibidi nitembee juu ya mbao hizo ili nifike chumbani kwake. Nilitembea. Harufu ilinipokea kabla ya mlango. Alikuwa amelala ubavu, macho wazi, na aliponiona macho yale yalipanuka kwa woga. Alidhani nimekuja kumuua. Labda si yeye peke yake aliyedhani hivyo.

Nikamtazama kama nilivyotaka. Haikuchukua muda mrefu. Kumtazama mtu aliyelala katika mavi yake si kitu unachoweza kufanya kwa muda mrefu huku umesimama na maji mkononi. Nikapasha maji, nikamuosha. Nikapika uji, nikaketi, nikamlisha kwa kijiko. Nusu ilitoka kwa upande wa mdomo uliokufa, nikaipangusa, nikairudisha. Hakuna mapendo yaliyoshuka juu yangu. Mikono yangu ilifanya kazi kama inavyofanya kazi ya kufuta ubao.

Nyumbani mume wangu alikuwa amesimama penye mlango.

"Unatoka kumuosha muntu mwenye alituuliaka mutoto?"

"Ni siku yangu," nikasema.

"Siku yako." Akalirudia neno hilo kama kitu kilichooza. Hatukuongea hadi Ijumaa.

Miezi ikaenda hivyo. Wenzangu walianza kuchoka; mmoja alikuwa na mtoto mgonjwa, mwingine alisema nyumba ile itaanguka, na alikuwa na haki. Mwishowe orodha ilibaki na Jumatano yangu na Jumamosi ya mama mmoja mzee. Siku nyingine jirani wa nyuma alimsukumia chakula dirishani.

Ulimi wake ulianza kurudi kidogo kidogo. Kwanza "maji." Kisha "mama." Kila neno lilimtoka kama anainua jiwe. Jumatano moja nilikuwa nimefika nusu ya bakuli la uji alipofunga mdomo na kutikisa kichwa. Nilidhani ameshiba.

"Nilibasikia," akasema.

Kijiko kikabaki hewani.

"Banagonga. Kule chini. Nilibasikia." Machozi yalitoka jicho moja tu, lile la upande mzima. "Nilifunga mulango."

Niliweka bakuli sakafuni. Sikulitupa; nakumbuka niliinama nikaliweka taratibu, kijiko kikiwa ndani yake. Nikatoka. Nilifika nyumbani nikaketi kwenye ngazi, na ile picha ya mkono wa mwanangu chini ya kitambaa ikafunguka yenyewe, kwa sababu sasa nilijua kucha zile zilikuwa zikifanya nini.

Nilimwambia mume wangu usiku ule. Hakulia. Alizima taa.

Jumatano iliyofuata sikwenda. Na iliyofuata sikwenda. Nilimwambia Mungu maneno ambayo sikuwahi kumwambia mtu yeyote. Nilimwambia kwamba Yeye pia alisikia wakigonga. Kwamba jirani alikuwa mwoga, lakini Yeye hana serikali ya kuogopa. Sikupata jibu, na sitaki kujifanya hapa kwamba nililipata. Nilichopata ni kwamba sikukatazwa kusema. Nilipomaliza nilikuwa bado nimepiga magoti katika chumba changu, na sakafu ilikuwa baridi, na ilikuwa saa ya kwenda kazini.

Jumatano ya tatu nilirudi kutoka shuleni nikamkuta mume wangu nje kwenye bomba. Alikuwa amekunja mikono ya shati hadi juu ya viwiko, anajisugua kwa sabuni ya kufulia, anasugua tena na tena. Nilijua anatoka wapi kwa harufu.

"Ulienda kufanya nini?" nikamuuliza. Niliogopa. "Tata, ulimufanya nini?"

"Nilienda kumupiga."

Maji yakaendelea kutiririka.

"Nilimukuta na basiafu," akasema. Siafu. "Ku mugongo. Iko na bidonda, mama, mupaka unaona mufupa. Hawezi kugeuka. Nilimugeuza." Akafunga bomba, akatazama mikono yake. "Nilimuosha. Haiko muzuri vile weye unafanyaka. Peleka chumvi, na ile kitambaa safi."

Nilichemsha maji, nikatia chumvi, nikararua shuka la zamani. Twende, akasema, na tukaenda wote wawili, tukapita juu ya zile mbao. Yeye alimshika mzee kwa mabega, mimi nikasafisha vidonda. Jirani alilia kwa maumivu kama mtoto. Tulipomaliza nilivuta kiti karibu na kichwa chake.

"Tata, niko nakuuliza neno moja," nikasema. "Balikuwa banagonga mupaka saa ngapi?"

Alifunga macho.

"Mupaka... saa ine."

Saa nne ya asubuhi. Nilikuwa ubaoni wakati huo. Nilikuwa natoa imla kwa darasa la nne, narudia kila sentensi mara mbili ili wale wa nyuma wasikie.

Mume wangu alitoka nje. Nilimsikia akikohoa kwenye ua. Mimi nilibaki, nikamwambia jirani kile nilichokuwa nacho.

"Mi siyakusamehe bado. Niko nakuosha tu. Lakini ile maneno uliniambia, utaiambia kanisa. Na utaiambia ba mama wale wengine babili."

"Ndiyo," akasema. Nadhani alikuwa amengoja mtu amwagize hivyo.

Pasta alikuja na baraza zima. Walikaa kwenye benchi zilizoletwa kutoka kanisani, kando ya kitanda, na mzee alisema yote kwa maneno yake yaliyovunjika. Ilichukua karibu saa nzima. Alisema pia kwamba aliapa uongo juu ya Maandiko. Wakamwondoa katika uzee wa kanisa pale pale, na pasta aliniomba msamaha mbele ya wote, uso wake ukiwa umekwajuka. Nilimwambia nimeusikia. Mama mmoja kati ya wale wawili alikuja siku ya pili, akamtemea mate, akaenda zake. Wa pili aliuliza tu mwanawe alikuwa upande gani wa shimo, kushoto au kulia. Alipoambiwa, aliketi juu ya mbao upande huo hadi jioni.

Nilitazamia kwamba baada ya ukweli kusemwa kitu ndani yangu kitafunguka. Nilikuwa nimehubiriwa hivyo tangu utoto. Kilichotokea ni kwamba nililala usingizi, usiku mmoja mzima, mara ya kwanza katika miaka miwili, na asubuhi niliamka na hasira ile ile, imepumzika. Basi niliichukua nikaenda nayo Jumatano. Ndivyo nilivyojifunza kwamba amri ya kumlisha adui haikuniuliza kwanza najisikiaje. Iliniuliza kama uji umeiva. Kuna siku niliona aibu kwamba utii wangu ulikuwa mkavu kiasi hicho. Sasa sioni aibu. Kama ningengoja moyo ulainike, yule mtu angeliwa na siafu.

Na mahali pale katika sala, siku moja nilikuta nimekwisha kupapita na mdomo wangu haukufungwa. Sijui ilianza Jumapili gani. Jumapili nyingine bado nafunga.

Binti yake alikuja kumchukua mwanzoni mwa kiangazi. Mume wangu na mwanaume mwingine walimbeba hadi kwenye lori linalokwenda Mutshatsha kuchukua makala, wakamlaza juu ya magunia matupu. Alinishika mkono kwa mkono wake mzima. Alitaka kusema kitu, injini ikawaka, sikusikia. Sikumwomba arudie. Miezi minne baadaye binti alipiga simu kusema amefariki. Nilisema pole, nikauliza kama amezikwa vizuri. Kisha nilirudi darasani nikamaliza somo la hesabu. Jioni mume wangu alipoambiwa alivua kofia yake, akakaa nayo magotini muda mrefu, akasema, "Alituleteaka maji."

"Eyo," nikaitikia.

Akina mama vijana wa kanisa hunijia sasa. Wananiuliza, "Mama, ulifanyaka namna gani mupaka ukasamehe?" Wanataka niwape njia, hatua ya kwanza na ya pili. Nawaambia sijui kama nimesamehe. Nawaambia niliosha mtu. Wengine huondoka wamekasirika kidogo.

Lakini kuna jambo moja ninalojua kwa hakika, nami hulisema hata wasiponiuliza. Maombi ya mzee yule kila asubuhi hayakuwa ya uongo. Aliomba kweli. Mimi ndiye niliyeyageuza maombi yale kuwa magogo ya kushikilia udongo, nikamweka mwanangu chini yake. Mungu hakuniahidi kitu kama hicho. Hapakuwa na gogo hata moja katika shimo lile, na sikuwahi kuingia kutazama. Niliuliza kama wanaomba. Sikuuliza kingine.

Mwaka huu nyundo zimeanza tena, mitaa miwili kutoka kwetu. Tumeunda kikundi kidogo, akina mama wanne na mume wangu, ambaye amerudi kanisani lakini anakaa nyuma karibu na mlango. Tunapita nyumba kwa nyumba. Hatuwaambii watu waache, maana hawatatusikia, na hatuna kazi nyingine ya kuwapa. Tunauliza wameweka magogo mangapi, na kama kuna tundu la pili la kutokea, na kama mvua ikinyesha wanasimama siku ngapi. Tunawaambia kwamba likianguka wafungue mlango mara moja na kupiga kelele, serikali ije isije. Baada ya hapo ndipo tunaomba nao, wakitaka.

Jumamosi iliyopita tulibisha katika nyumba moja ya matofali yenye pazia la plastiki mlangoni. Alitoka mwanamke wa umri wangu, mikono ina unga.

"Mama, tunaomba tuone shimo," nikamwambia.

"Hakuna shimo hapa," akasema. Nyuma yake sakafu ilikuwa inagonga. "Na sisi tuko ba kanisa vilevile. Tunaombaka."

"Najua, mama. Mutoto yako iko kule chini?"

Alinitazama usoni. Nikaona swali limemwingia, nikaona jinsi anavyolisukuma litoke. Akafunga mlango. Tulisimama kidogo pale, tukisikiliza, kisha mume wangu akatangulia kwenda nyumba inayofuata.